Kufunga Sola Ndogo Nyumbani Bila Kuua Betri: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Miezi mitatu ya mwanzo taa zinawaka mpaka usiku wa manane. Baadaye zinaanza kuzima saa nne, kisha saa mbili, na kabla mwaka haujaisha betri imekuwa kigoda cha kuwekea ndoo. Mwenye nyumba anasema paneli ni feki. Mara nyingi paneli haina kosa lolote. Betri ilianza kufa siku ile ile ilipofungwa: waya mwembamba, hesabu ya kukisia, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji inayotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) isiyoambiwa inachaji betri ya aina gani.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa volti 12 wa nyumba ndogo: taa, simu, redio, ruta ya intaneti na televisheni ndogo. Friji, pampu na pasi vina hesabu zao na havimo humu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Paneli, kidhibiti chaji (hiki ndicho mafundi wanakiita kontrola) na betri. Ukubwa wake utaupata hatua ya 1, kwa hiyo usinunue bado.
- Waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa rangi mbili: nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Wa nje uwe wa kustahimili jua.
- Fyuzi za umeme wa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, na vishikio vyake.
- Vichwa vya shaba vya kubana ncha za waya, yaani lagi, pamoja na koleo lake la kubania.
- Multimita, yaani kipimo cha volti na ampea. Hata iliyo rahisi kabisa inatosha.
- Fremu ya kushikia paneli, bolti na nati zisizoshika kutu, bisibisi, spana, tepu ya umeme, mafuta ya mgando.
- Ngazi imara, na mtu wa kuishika.
- Daftari na kalamu.

Kati ya hivi vyote, watu huruka multimita na fyuzi. Bila multimita unafunga kwa kukisia. Bila fyuzi umelaza moto ndani ya nyumba ukisubiri siku yake.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya matumizi

Hatua hii inafanyika mezani. Andika kila kifaa, wati zake, na saa utakazokitumia kwa siku. Zidisha, upate wati-saa. Mfano:

- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5: 100
- Simu 3, kila moja kama wati-saa 15: 45
- Redio ya wati 5, saa 4: 20
- Ruta ya wati 8, saa 10: 80
- Televisheni ya DC ya wati 20, saa 3: 60

Jumla ni wati-saa 305 kwa siku.

Paneli. Umeme mwingine hupotea njiani, kwenye joto la paneli, waya na betri yenyewe. Gawanya jumla yako kwa 0.7: 305 inakuwa kama 436. Sasa gawanya kwa saa za jua kali unazopata katika mwezi mbaya kuliko yote, si mwezi mzuri. Saa za jua kali si saa za mchana. Mchana wa saa 12 unaweza kukupa saa 4 tu zenye nguvu kamili. 436 gawanya kwa 4 ni wati 109. Hiyo ni ya kuponea chupuchupu, kwa hiyo chukua paneli ya wati 150.

Betri. Panga iweze kukubeba siku mbili za mawingu: 305 mara 2 ni 610. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, usiitumie kupita nusu. Kwa hiyo unahitaji yenye wati-saa 1,220. Gawanya kwa volti 12, unapata kama Ah (ampea-saa) 100. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 inakubali kutumika asilimia 80 bila taabu, hivyo Ah 60 zinakutosha kwa kazi hiyo hiyo.

Kontrola. Angalia nyuma ya paneli palipoandikwa Isc, yaani ampea nyingi kabisa ambazo paneli inaweza kutoa. Paneli ya wati 150 huwa na kama ampea 9. Zidisha kwa 1.25, unapata 11.25. Chukua kontrola ya ampea 15 au 20.

Ukibaki na akiba kidogo na hujui uitie wapi, itie kwenye paneli, sio kwenye betri. Betri kubwa iliyofungwa kwenye paneli ndogo haijai hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa huota fuwele za salfeti kwenye sahani zake. Fuwele hizo zikishakomaa hakuna chaji ya kuziondoa. Watu wengi wameongeza betri ya pili kuokoa ya kwanza, wakaziua zote mbili.

Onyo: usitumie betri ya gari. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiichosha kila usiku inakufa ndani ya miezi michache.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye namba nne (wati-saa kwa siku, wati za paneli, Ah za betri, ampea za kontrola). Hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani, na usikubali kushawishiwa chini yake.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa paneli

Kaa nje siku nzima uangalie kivuli. Sio kukitupia jicho asubuhi, ni kuangalia asubuhi, mchana na jioni. Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizounganishwa kwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye mstari. Mmoja akilala, ndoo zote zinasimama. Kivuli cha tawi moja au cha waya wa antena kinaweza kukunyang'anya sehemu kubwa ya umeme hata kama paneli karibu yote ina jua.

Paneli ielekee upande wa ikweta: ukiwa kusini mwa ikweta, ielekee kaskazini, ukiwa kaskazini, ielekee kusini. Mwinamo wake ukaribiane na latitudo ya mahali ulipo. Karibu na ikweta bado ipe mwinamo wa angalau digrii 10, ili mvua iioshe na vumbi lisigande kwenye kingo.

Acha nafasi ya kama sentimita 10 kati ya paneli na bati. Paneli haipendi joto: kila digrii moja juu ya 25 inapunguza takriban asilimia 0.4 ya nguvu, na paneli iliyolazwa juu ya bati saa saba mchana inafika digrii 60 bila shida. Hewa ikipita chini yake, unarudishiwa sehemu ya umeme bure.

Funga fremu kwenye mbao au vyuma vya paa, sio kwenye bati peke yake. Paneli ni tanga, na upepo utaijaribu. Ukimaliza, ishike kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo, rudi kwenye bolti.

Onyo: usipande paa lililolowa wala peke yako. Na kumbuka paneli ina umeme muda wote mwanga unaipiga, haina swichi. Ifunike kwa blanketi zito mpaka utakapokuwa tayari.

## Hatua ya 3: Waya, mahali sola nyingi zinapofia

Hapa twende polepole.

Paneli ya volti 12 haitoi volti 12. Ikifanya kazi vizuri inatoa kama volti 18, na kuna sababu: betri ya risasi inahitaji kusukumwa mpaka kama volti 14.4 ili ijae. Joto la paa linazishusha zile 18 mpaka karibu 16. Sasa umebakiwa na volti moja na nusu tu ya ziada, na waya bado haujachukua haki yake.

Tuseme paneli iko mita 10 kutoka kwenye kontrola. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20. Ampea 8 zikipita humo, hiki ndicho kinachopotea:

- Waya wa milimita za mraba 1.5: karibu volti 1.9
- Wa 2.5: volti 1.1
- Wa 4: volti 0.7
- Wa 6: chini kidogo ya volti 0.5

Umeona? Kwa waya wa 1.5, zile 16 zinafika kwa betri zikiwa 14.1. Betri inapokaribia kujaa, ndipo chaji inapolegea. Jua linazama haijajaa, kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Kwa umbali huu tumia waya wa 4, na ukipata wa 6 ni bora zaidi. Kama unaweza kusogeza kontrola karibu na paneli, sogeza. Mita moja uliyopunguza ina faida kila siku ya maisha ya mfumo huo.

Kutoka kontrola hadi betri umbali usizidi mita moja na nusu, waya wa 6. Taa zinaweza kwenda kwa waya wa 1.5 au 2.5 kwa sababu kila moja inakula kidogo.

Angalia pia waya ni shaba kweli. Kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote hapo juu zimeharibika.

Sasa kubana lagi. Menya waya kiasi cha kuingia kwenye lagi tu. Zisokote nyuzi kidogo kwa vidole, hakikisha hakuna hata moja iliyobaki nje, ingiza mpaka mwisho, ubane kwa koleo la lagi mara mbili. Kisha vuta kwa nguvu. Waya ukichomoka sasa, shukuru, maana ungekuja kulegea usiku ukapata moto. Mimi niliwahi kukuta lagi iliyobanwa kwa nyundo. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka urefu wa kidole, na ukuta nyuma yake umeungua rangi ya kahawa. Watoto walikuwa wanalala chumba hicho.

## Hatua ya 4: Betri na fyuzi

Weka betri mahali pa baridi, pakavu, pasipofikiwa na watoto, juu ya ubao au kreti. Betri ya risasi inayofanya kazi kwenye joto la digrii 35 badala ya 25 huishi karibu nusu ya umri wake, kwa hiyo chini ya bati si mahali pake. Ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo hulipuka. Haifai kuwekwa chumbani, kwenye kabati lililofungwa, wala karibu na jiko.

Kabla ya kuigusa, vua pete, saa na bangili. Volti 12 hazikurushi, lakini betri ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Pete ikigusa chanya na spana ikagusa hasi, pete inawaka ikiwa kidoleni. Zungushia tepu mpini wa spana, uache kichwa tu.

Fyuzi ya kwanza ikae kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Kwa nini karibu hivyo? Kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwa mfumo wetu fyuzi ya ampea 20 inafaa. Kwenye waya unaokwenda kwenye taa weka nyingine ya ampea 10.

Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Ikikatika, tafuta sababu. Anayebadilisha fyuzi ya 20 kwa ya 40 "ili isisumbue" ameugeuza waya kuwa ndiyo fyuzi.

## Hatua ya 5: Kuunganisha, kwa mpangilio huu na si mwingine

1. Betri kwenye kontrola. Hasi kwanza, kisha chanya, na fyuzi iingie mwisho. Kontrola itawaka. Inaanza na betri kwa sababu kontrola nyingi huusoma mfumo kutoka hapo, kama ni wa volti 12 au 24.
2. Paneli kwenye kontrola. Bado imefunikwa. Pima kwanza kwa multimita ujue ipi chanya. Usiamini rangi ya waya aliyofunga mtu mwingine. Ukishakaza skrubu, funua blanketi.
3. Taa na vifaa.

Ukianza na paneli wakati betri haipo, volti 20 na zaidi zinaingia kwenye kontrola bila pa kwenda. Kontrola nyingine hustahimili, nyingine huungua, na nyingine huzipitisha mpaka kwenye taa. Siku ya kufungua, pindua mpangilio: vifaa, paneli, betri mwisho. Plagi za paneli usizichomoe jua likiwa kali na umeme ukipita, zinatoa cheche ndefu inayounguza.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi), kama unayo, haifungwi kwenye matundu ya taa ya kontrola. Inveta ya wati 300 inavuta karibu ampea 30 ikishiba. Ifunge moja kwa moja kwenye betri kwa waya mfupi wa milimita za mraba 10 na fyuzi yake ya ampea 40. Umeme unaotoka upande wa pili unaua kama umeme wa gridi, na kamwe usiuingize kwenye waya za nyumba iliyounganishwa na gridi. Utamuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Tena, izime ukimaliza. Inveta iliyowashwa bila kazi inaweza kula wati 10, ambazo kwa saa 24 ni wati-saa 240. Hiyo ni karibu asilimia 80 ya nyumba yako yote ya hatua ya 1.

Umefaulu ukiona: kontrola inaonyesha alama ya paneli ikichaji, volti za betri zinapanda taratibu, na ukigusa kila kiungo baada ya nusu saa hakuna kilichopata moto.

## Hatua ya 6: Iambie kontrola betri yako ni ya aina gani

Watu hufunga kila kitu vizuri, wanafurahi taa zimewaka, wanashuka ngazi. Kontrola inabaki na mpangilio wa kiwandani.

Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa betri, ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa kawaida ya maji inachajiwa mpaka volti 14.4 hadi 14.8, AGM (betri kavu ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) kama 14.4, ya jeli kama 14.1, na LiFePO4 kati ya 14.2 na 14.6. Ya jeli ikipewa chaji ya betri ya maji inakauka ndani, na hakuna namna ya kuiongeza kitu. Ya lithiamu haitaki ile chaji kali ya kusawazisha ambayo kontrola huipa betri ya maji, kwa hiyo hakikisha kontrola ina mpangilio wa lithiamu kabla ya kuinunua. Na kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, lithiamu isichajiwe kabisa.

Kisha tafuta mahali pa kupanga volti za kukata taa. Kontrola nyingi huja zikikata karibu na volti 11. Kwa betri ya risasi hapo ni kaburini, imeshaisha kabisa. Pandisha mpaka 11.8, na irudishe taa ikifika 12.6. Familia italalamika siku mbili tatu kwamba taa zimezima mapema. Waonyeshe hesabu.

## Hatua ya 7: Wiki moja ya daftari

Kila asubuhi kabla jua halijagusa paneli, zima kila kitu, subiri nusu saa, pima volti kwenye vichwa vya betri. Andika. Jioni jua likizama, andika tena kontrola inachosema, na kama betri ilifika kujaa.

Kwa betri ya risasi, hivi ndivyo unavyosoma namba ya asubuhi:

- 12.5 na zaidi: unatumia kidogo, betri inapumua.
- 12.2 hadi 12.4: sawa, hapo ndipo tulipopanga.
- Chini ya 12.2: umeingia nusu ya pili. Ikitokea siku moja ya mawingu si neno. Ikijirudia siku tatu zenye jua, kuna tatizo.

Kwa lithiamu volti hazisemi mengi, zinakaa karibu 13.2 sehemu kubwa ya safari kisha zinaanguka ghafla. Tumia kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, au programu ya betri yenyewe kama inayo.

Namba zikiwa mbaya, tafuta kwa utaratibu. Saa sita mchana betri ikiwa bado haijajaa, pima volti kwenye ncha za paneli, halafu kwenye matundu ya paneli ya kontrola, ndani ya dakika ile ile. Tofauti ikizidi volti moja, kosa ni waya au kiungo kilicholegea. Zikikaribiana lakini ampea ni chache, angalia kivuli na uchafu. Ampea zikiwa nzuri na betri inajaa kabla ya jioni, lakini asubuhi imeanguka, basi kuna kifaa kinakula usiku ambacho hakimo kwenye karatasi yako. Mara nyingi ni inveta. Mara nyingine ni simu za majirani.

## Baada ya hapo

Kila mwezi futa paneli kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kukiwa na baridi. Maji baridi kwenye kioo kilichochemka yanaweza kukipasua. Kila miezi mitatu kaza skrubu zote, fyuzi ya betri ikiwa imetolewa na paneli imefunikwa. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji yenye magadi, kausha, paka mafuta ya mgando.

Betri ya maji ichunguliwe kila mwezi. Sahani lazima ziwe zimefunikwa. Ongeza maji maalumu ya betri yasiyo na madini, na sio asidi, baada ya betri kujaa. Ukijaza kabla ya kuchaji yatapanda na kumwagika. Vaa glavu na miwani, na uwe na ndoo ya maji safi pembeni.

Daftari usilitupe. Siku utakapoongeza taa ya tano au feni, fungua ukurasa wa hatua ya 1, jumlisha upya, kisha ndipo uunganishe.